Gari Limeegeshwa, Betri Yaliwa

Machi 2020, Kenya ilipofunga shule kwa sababu ya korona, mabasi ya manjano yaliegeshwa viwanjani na funguo zake zikatundikwa ofisini. Madarasa machache yalirejea Oktoba. Wanafunzi wengine walikaa nyumbani hadi Januari 2021. Kwa injini ya dizeli iliyotunzwa, miezi tisa ya kusimama si msiba. Gia hazisagiki zikiwa zimetulia, na breki zikishika kutu kidogo huachia baada ya mwendo mfupi. Betri haina subira ya namna hiyo. Betri ya kuwashia injini ikiachwa miezi tisa imefungwa kwenye gari, haijachajiwa hata mara moja, kwa kawaida haitoki salama, hata kama ilinunuliwa mpya wiki moja kabla.

Korona ilipita, lakini magari yanayosimama yapo siku zote. Kuna Prado iliyoachwa Tegeta, mwenyewe yuko masomoni Ulaya. Kuna gari lililobaki Rombo likisubiri Desemba, familia irudi Kilimanjaro kwa Krismasi. Kuna trekta la Mbarali linalolima wiki chache kisha likasahaulika chini ya mwembe, gari la wagonjwa la zahanati ambalo, heri yake, halina safari nyingi, na gari la maharusi linalotoka Jumamosi tu. Waswahili wa Muscat wanaokuja Unguja joto la kwao linapopanda kupita nyuzi 40 huyaacha magari yao katika joto hilohilo. Wote hawa wana shida moja, na wengi huitibu kwa dawa moja isiyofaa: humwomba mtu "aliwashe kidogo."

Ili kuona kwa nini dawa hiyo haitoshi, ni lazima kwanza kufungua mfuniko na kutazama ndani. Katika sanduku la plastiki mna vyumba sita, ambavyo mafundi huviita seli. Kila seli ina bamba za risasi zilizozama kwenye asidi ya salfa iliyochanganywa na maji, na hutoa volti 2.1 hivi; sita zikiunganishwa hufika volti 12.6 au 12.7. Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri ya kwanza ya aina hii mwaka 1859, kabla gari lenyewe halijabuniwa. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ikaanza kuuza magari yenye stata ya umeme, kazi ya mhandisi Charles Kettering, na dereva akapumzika kuzungusha hendeli. Mengi yameboreshwa tangu hapo, lakini risasi na asidi ni zilezile.

Betri inapotoa umeme, sehemu ya asidi hushikamana na risasi na kufanya salfeti, utando mweupe juu ya bamba. Ikichajiwa mapema, utando huo huvunjika na asidi hurudi kwenye maji yake. Ikicheleweshwa, chembe za salfeti hukua na kuwa fuwele ngumu ambazo chaji ya kawaida haiziwezi, na sehemu ya bamba iliyofunikwa nazo haifanyi kazi tena. Hicho ndicho kifo cha betri nyingi za magari yanayosimama. Hazifi kwa kufanyishwa kazi. Hufa kwa kukaa nusu tupu wiki baada ya wiki.

Kujua betri imefikia wapi hakuhitaji utaalamu. Mita ya umeme ya bei nafuu, ile ambayo kila fundi redio anayo, inatosha. Gari likae saa kadhaa bila kuwashwa, kisha vipimo viguswe kwenye vichwa viwili vya betri. Volti 12.6 au zaidi maana yake imejaa. Ikisoma 12.4 imebaki robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni robo tu. Wengi hudanganywa na maandishi ya "12V" ubavuni, wakaona namba 12 kwenye mita na kuridhika, kumbe wanatazama betri ambayo karibu imekwisha na tayari inajenga fuwele.

Umeme huo unakwenda wapi, ilhali gari limezimwa na ufunguo uko mfukoni? Gari la kisasa halizimiki lote. Saa ya dashibodi inaendelea, alamu inasikiliza, kipokezi cha rimoti kinasubiri kubonyezwa, kompyuta inatunza kumbukumbu zake. Vyote kwa pamoja hula miliampea 20 hadi 50 katika gari lisilo na hitilafu. Ni kiasi kidogo sana, mpaka pale mtu anapochukua kalamu. Miliampea 30 kwa saa 24 ni karibu ampea-saa 0.7. Gari dogo lenye betri ya NS40, yenye ampea-saa 35 hivi, litapoteza nusu ya chaji yake kwa siku 24. Likifungwa traka inayokula miliampea 30 nyingine, siku hizo zinabaki 12.

Traka ni jambo la kutazamwa kwa jicho kali. Kampuni zinazokopesha kwa dhamana ya gari huzifunga, za bima huzifunga, na wenye magari wenyewe huzifunga wakihofia wezi. Iliyofungwa vizuri husinzia gari likisimama. Iliyofungwa na mtu wa haraka haraka hukaa macho usiku na mchana, ikitafuta mtandao. Ndivyo ilivyo pia kwa redio ya Kichina iliyounganishwa moja kwa moja na betri ili "isisahau stesheni", na kwa taa ya buti ambayo swichi yake imekwama. Fundi umeme mwenye utulivu hulitafuta tatizo kwa kupitisha mita kati ya kichwa cha hasi na waya wake, kwenye kipimo cha ampea 10, kisha kusubiri nusu saa hadi kompyuta zote zilale. Baada ya hapo anachomoa fyuzi moja moja hadi namba ianguke. Asiyesubiri nusu saa hiyo atapata namba kubwa ya uongo, na atakayejaribu kuwasha gari mita ikiwa katikati ataunguza fyuzi ya mita.

Hata betri iliyotolewa kwenye gari na kuwekwa stoo hujila yenyewe taratibu. Zile za mifuniko ya kufungua, ambazo bamba zake zina antimoni, hupoteza asilimia 5 au zaidi kwa mwezi katika nyuzi 25; zilizofungwa kabisa, zenye kalisi badala ya antimoni, hupoteza asilimia 2 au 3. Kisha joto huingia kati. Kwa kanuni wanayoitumia wahandisi, kila nyuzi 10 zinapoongezeka, kujila huko huwa karibu mara mbili, na umri wa betri hukatika karibu nusu. Ndiyo maana betri ileile inayodumu miaka mitano Njombe au Limuru huweza kumaliza miaka miwili tu Tanga, Mombasa au Muscat. Kuegesha kivulini si anasa ya kulinda rangi. Ni chaji.

Baridi kali nayo ina yake, kwa Waswahili walioko Minnesota au Sweden. Betri iliyojaa haigandi hata katika nyuzi 50 chini ya sifuri, lakini iliyoisha huweza kuganda kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, ikapasuka sanduku. Huku kwetu hilo halimhusu mtu.

Sasa turudi kwa kijana aliyeachiwa ufunguo. Kila Jumapili ujumbe unaingia kwenye simu ya mjomba aliyeko ng'ambo: "Shikamoo mjomba, gari nimeliwasha leo, nimeliungurumisha dakika tano, liko fiti." Mjomba anashukuru, pengine anatuma na hela ya vocha. Wote wawili wana nia njema.

Stata haili sana kama watu wanavyodhani. Huvuta ampea 150 au 200, ndiyo, lakini kwa sekunde moja au mbili. Kwa hesabu ni kama sehemu moja ya kumi ya ampea-saa, na altaneta huirudisha ndani ya dakika chache. Shida ni deni la wiki nzima. Kwa miliampea 50, siku saba zimekula zaidi ya ampea-saa 8, na deni hilo halilipwi kwa dakika tano za silensa. Altaneta ya gari lililosimama inazunguka polepole, feni na taa zinachukua sehemu yake, na betri yenyewe ina tabia ya kupokea umeme kwa ulegevu kadiri inavyojaa. Asilimia 20 ya mwisho huchukua saa kadhaa hata kwa chaja nzuri. Na ni katika asilimia hizo 20 za mwisho ndipo salfeti ya zamani inapovunjwa. Kwa hiyo kila Jumapili betri inafikishwa nusu ya safari, inaachwa, na Jumapili inayofuata inaanzia chini zaidi.

Injini nayo haipendi. Ikizimwa kabla haijapata moto, mvuke wa maji unaozalishwa na kuungua kwa mafuta hubaki kwenye oili na ndani ya bomba la moshi, ambako hula chuma. Ikiwa kweli kijana ana leseni na barabara ipo, aliendeshe gari nusu saa hadi saa nzima kwa mwendo wa kawaida, kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Hapo breki zinasafishika, matairi hayalali upande mmoja, na betri inapata kitu cha maana. Kama hawezi kulitoa getini, ni bora asiliguse kabisa na badala yake afanye moja kati ya mambo matatu.

La kwanza halina gharama: spana namba 10, alegeze nati ya kichwa cha hasi, atoe waya, aufunge kitambaa usirudi kugusa. Daima hasi kwanza wakati wa kutoa, na hasi mwisho wakati wa kurudisha. Anayeanza na chanya, spana yake ikigusa bodi ya gari, atapata cheche ya kumfundisha. Waya ukishatoka, vifaa vyote vya gari vinaacha kula, na betri yenye kalisi iliyojaa inaweza kukaa miezi mitatu kivulini bila madhara makubwa. Ubaya wake ni mdogo. Redio nyingine huomba namba ya siri, vioo vya umeme husahau pa kuishia, na alamu na traka hunyamaza, jambo ambalo mwenye mkopo anapaswa kulijadili na aliyemkopesha kabla ya kukuta askari getini. Kuna na lile la buti: katika magari ambayo betri iko nyuma na buti hufunguka kwa swichi ya umeme tu, buti lisifungwe hadi mtu ahakikishe kuna njia ya ufunguo wa chuma.

La pili ni chaja ndogo ya kisasa ya kutunzia, ya ampea moja hadi tano, inayopima betri yenyewe. Huijaza hadi volti 14.4 hivi, kisha hushuka na kushikilia kwenye 13.5 hadi 13.8, ikitoa tone tu la kufidia kinachopotea. Hii inaweza kuachwa miezi. Inapokuwa katika hali ya kushikilia, matumizi yake hayafiki uniti chache za LUKU kwa mwezi. Isichanganywe na chaja ya zamani ya karakana, lile boksi zito lenye swichi mbili na mshale. Hilo halijui kuacha. Likisahauliwa usiku kucha huchemsha maji ya betri hadi bamba zikabaki wazi. Kwa maeneo ya pwani, chaja yenye kipimajoto ina faida ya kweli, kwa sababu katika joto betri huhitaji volti pungufu kidogo, na isiyojua hilo huichaji kupita kiasi polepole.

La tatu linawafaa wasio na soketi karibu, wenye matrekta na mashua hasa: paneli ndogo ya sola. Paneli ya wati 10 chini ya jua la kwetu hutoa ampea-saa mbili au tatu kwa siku, zaidi ya zile 1.2 zinazoliwa na gari lenye miliampea 50. Iwe na kidhibiti chaji, iwekwe nje na si nyuma ya kioo cha mbele ambacho hupunguza nguvu yake, na iunganishwe na betri moja kwa moja. Wanaochomeka kwenye tundu la kuwashia sigara wasishangae isipofanya kazi, kwa kuwa katika magari mengi tundu hilo hukatwa umeme ufunguo unapotolewa.

Kabla ya yote hayo huja suala la kununua, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea.

Dukani, betri huitwa kwa namba za Kijapani: NS40, NS60, N50, N70, hadi N200 ya malori. Mpya zaidi huandikwa kwa mtindo kama 55D23L. Hapo 55 ni kiwango cha nguvu, D ni upana na kimo cha sanduku, 23 ni urefu wake kwa sentimita, na L ni upande ulipo kichwa cha chanya. Herufi hiyo ya mwisho hudharauliwa mno. Anayenunua R badala ya L atakuta nyaya hazifiki, na fundi asiye mwangalifu atazivuta hadi zifike au atageuza betri vichwa vikae karibu na chuma cha boneti.

Namba inayopigiwa debe zaidi kwenye matangazo ni CCA, nguvu ya kuwasha injini katika baridi. Hupimwa betri ikiwa katika nyuzi 18 chini ya sifuri, hali ambayo dereva wa Dar es Salaam ataiona kwenye jokofu la nyama tu. Kwa gari linalosimama katika nchi ya joto, ampea-saa ndizo za kuulizia, na tarehe ya kutengenezwa zaidi ya hizo. Betri iliyojazwa asidi na kukaa rafuni miezi sita bila kuchajiwa imeshaanza kuzeeka kabla ya kuuzwa. Mnunuzi aje na mita yake mwenyewe: ikisoma chini ya 12.4, airudishe rafuni bila aibu. Watengenezaji wengi hugonga msimbo wa mwezi na mwaka kwenye plastiki, na muuzaji mkweli ataueleza. Bado kuna pia betri zinazouzwa kavu na kujazwa asidi mbele ya mteja. Hizo zina faida ya kuwa mpya kweli, ila zinahitaji kutulia nusu saa baada ya kujazwa na kisha kuchajiwa, si kufungwa papo hapo mteja akiwa na haraka.

Wengine hushauriwa wanunue betri kubwa zaidi ili idumu likiegeshwa. Ushauri huo una ukweli nusu. Ampea-saa 70 zitachukua siku nyingi zaidi kuisha kuliko 45, lakini mlaji bado yupo, na ikishaisha, kubwa huhitaji chaji ndefu zaidi. Kama sanduku halikai sawasawa kwenye trei yake na kubanwa kwa kibano, barabara ya vumbi itaitikisa hadi bamba ziachane. Kibaya kuliko hicho ni kufunga betri ya sola kwenye gari. Bamba zake nene zimetengenezwa kutoa umeme kidogo kwa saa nyingi, si ampea 200 kwa mkupuo.

Kwa gari la familia linalosimama wiki mbili tatu, betri iliyofungwa kabisa yenye kalisi ndiyo chaguo la busara. Mitaani huitwa betri kavu, ingawa ndani ina asidi ya majimaji kama nyingine. Kinachokosekana ni mifuniko ya kuongezea maji. Haipotezi chaji haraka. Udhaifu wake ni kwamba ikiisha kabisa, kuirudisha ni kazi. AGM, ambazo asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo, huvumilia kuishiwa kuliko nyingine na hupoteza chaji kidogo sana, lakini bei yake huweza kufika mara mbili, na hazipendi joto la chumba cha injini wala chaji iliyozidi. Zina maana pale gari lilipotoka kiwandani nazo, au betri inapokaa kwenye buti. Kwa Land Rover ya zamani kijijini, isiyo na kompyuta hata moja ya kula umeme, betri ya mifuniko bado ni mali: mtu anaweza kuona maji yalipofika na fundi yeyote anaijua. Betri za lithiamu zimeanza kuuzwa kwa pikipiki na magari ya mashindano. Hazijili sana, lakini kwa bei yake, na kwa magari ambayo altaneta zake zilipangiwa risasi, si za kukimbilia.

Gari lililotoka Japani lina habari yake. Kabla ya kufika mikononi mwa mnunuzi limekaa kwenye yadi, limesafiri wiki kadhaa melini, limekaa tena bandarini Mombasa au Dar es Salaam. Katika safari yote hiyo liliwashwa mara chache, kwa dakika mbili tatu, kuingizwa melini na kutolewa. Betri iliyokuja nalo inaweza kuwa nzima kwa macho na kuukuu kwa ndani, na ni vizuri ijazwe kabisa, ilale usiku mmoja bila kuguswa, kisha ipimwe asubuhi. Ikiwa imeshuka hadi 12.4 au chini yake, siku zake zinahesabika. Kipimo kingine ni wakati wa kupiga stata: volti zikianguka chini ya 9.6, ndani hamna kitu.

Wenye magari ya haibridi, ambayo sasa yamejaa Nairobi, hujidhania wako salama kwa sababu gari lina betri kubwa ya kuendeshea. Gari hilo bado lina betri ndogo ya volti 12, mara nyingi AGM iliyofichwa nyuma, na ndiyo inayoamsha kompyuta. Ikifa, ile kubwa haiwezi kuitwa kazini, na milango yenyewe hufunguka kwa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti. Kwa kuwa haiwashi stata, ni ndogo, na kwa kuwa ni ndogo, huisha mapema. Haibridi lililosimama liwekwe kwenye hali ya READY, yaani tayari kuondoka, kwa saa nzima, kwa sababu betri kubwa hapo huichaji ndogo. Kuwasha redio tu bila READY kunaimaliza. Rimoti isiyo ya ufunguo itundikwe mbali na gari, maana ikiwa karibu huweza kuliamsha mara kwa mara.

Upande wa maji, sheria ni moja: kinachopungua kwenye betri ya mifuniko ni maji, si asidi, kwa hiyo kinachoongezwa ni maji yaliyotoneshwa. Chupa za maji ya betri na chupa za asidi hukaa rafu moja dukani, na kuzichanganya huunguza bamba. Maji ya bomba yana klorini na madini. Ya kisima cha pwani yana chumvi, na hayo ni sumu kwa risasi. Yanayodondoka kwenye kiyoyozi huonekana safi lakini yamepita kwenye shaba na vumbi. Maji yaliyotoneshwa yajazwe hadi yafunike bamba, na ya mwisho yaongezwe baada ya kuchaji, kwa kuwa chaji huyapandisha. Vidonge vya aspirini ambavyo wengine hutumbukiza ili "kuifufua" hugeuka siki kali inayoila risasi. Betri inaweza kuwasha gari siku hiyo, na siku hiyo ikawa ya mwisho.

Kuna tahadhari za bure ambazo watu hung'ang'ania, na kuna za kweli ambazo hupuuzwa. Ya bure ni kutoweka betri juu ya sakafu ya saruji. Ilikuwa na msingi enzi za masanduku ya mbao na mpira. Plastiki ya leo haivujishi umeme kwa saruji. Ya kweli ni kutochomoa waya wa betri injini ikiwa inanguruma ili "kupima altaneta". Enzi za dainamo gari lilivumilia. Leo volti huruka ghafla na kuunguza kompyuta ambayo bei yake inanunua betri kumi.

Anayeshtua gari kwa nyaya naye aelewe kwamba betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, gesi ambayo asilimia 4 tu yake kwenye hewa inatosha kulipuka. Chanya kwa chanya, kisha hasi ya betri nzima, na kibano cha mwisho kabisa kishikwe kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri, ili cheche itokee huko. Gari likishawaka, altaneta isifanywe chaja. Haikuundwa kujaza betri tupu, na kuilazimisha kwa nguvu zote huipasha moto hadi ikaungua. Betri tupu ipelekwe kwenye chaja, kwa ampea zisizozidi sehemu ya kumi ya ujazo wake, yaani ampea 6 kwa betri ya 60, na isubiriwe saa 24 kama inabidi. Chaja nyingi za kisasa hukataa kuitambua iliyoshuka sana, na hapo fundi mwenye chaja ya zamani, akiikodolea macho, ana kazi yake.

Mabasi na malori yana volti 24, maana yake betri mbili zilizofuatana. Moja ikifa, tajiri hununua moja. Mpya na kuukuu zikipewa chaji ileile, kuukuu huchemka na mpya hubaki njaa, na baada ya miezi michache zote mbili ni za kutupa. Zibadilishwe pamoja, za aina moja na tarehe moja.

Kuhusu kutupa, Mombasa ina la kusimulia. Katika kitongoji cha Owino Uhuru kilikuwapo tangu 2007 kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu kupata risasi. Watoto na watu wazima waliugua kwa sumu ya risasi iliyoingia hewani na majini. Phyllis Omido, aliyefanya kazi hapo na ambaye mwanawe aliugua, aliongoza mapambano yaliyofunga kiwanda mwaka 2014 na kumpatia Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya mvutano wa rufaa Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu hiyo Desemba 2024. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi, na ndiyo maana wanunuzi wa vyuma chakavu huifuata hadi mlangoni. Wengine humwaga asidi uani kwanza ili kupunguza mzigo. Maduka mengi ya betri huipokea ya zamani ikiwa nzima na asidi yake, na humpunguzia mteja bei ya mpya. Kiasi hicho hujadiliwa kabla ya kulipa, si baada ya risiti kuandikwa.